Kabla Hamjauliza Nani Anaimba

Hotuba iliyotolewa Dodoma, kwenye uzinduzi wa albamu ya muziki wa ala tupu

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, wazazi wa vijana hawa mliokaa mstari wa mbele, wanamuziki wenzangu, watangazaji wa redio zetu, na ninyi nyote mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja hapa, nawasalimu.

Nimeombwa niseme machache kabla albamu haijachezwa. Naombeni mnivumilie, yatazidi machache kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni geni hapa mjini na sitaki lichukuliwe kuwa mchezo wa vijana wasio na kazi. Vijana wanne wa hapahapa Dodoma, watatu wa kiume na binti mmoja anayepiga besi, wamerekodi albamu nzima ya magitaa mawili, besi na dramu. Kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho hakuna aliyefungua mdomo kuimba. Tena wamechagua muziki uliozaliwa ufukweni, kwa watu waliokuwa wakishinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mimi nauita roki ya mawimbi.

Tangu habari zienee, nimekuwa nikisikia maswali mawili. Nani anaimba? Na mawimbi gani, Dodoma? Waliouliza ni watu wazima, wengine ni wanamuziki wenzangu wa siku nyingi, na wanastahili jibu la heshima. Nitaanza na hilo la mawimbi, maana wengi wanadhani ndilo gumu.

Muziki huu ulishika kasi kusini mwa California, Marekani, kati ya mwaka 1961 na 1964. Jina linalotajwa kwanza ni la Dick Dale, aliyekuwa akijaza ukumbi wa Rendezvous pale Balboa. Alitumia mkono wa kushoto. Gitaa alilipindua tu bila kuzipanga upya nyuzi, kwa hiyo uzi mnene ulikaa chini na mwembamba ukawa juu, kinyume na sisi wengine wote. Alifunga nyuzi nene kupita kawaida na kuzichapa juu, chini, juu, chini, mfululizo, bila kukipumzisha kifundo cha mkono. Ule mlio wa haraka unaotiririka mnaousikia kwenye muziki huu unatokana na uchapaji huo.

Lakini Dick Dale hakuzaliwa California. Alizaliwa Boston mwaka 1937, upande wa pili kabisa wa Marekani, na baba yake alikuwa wa asili ya Lebanoni. Ndugu wa baba yake ndiye aliyemfundisha ngoma ya Kiarabu, na ndiye aliyekuwa akipiga udi nyumbani. Udi na ngoma ile! Yeyote kati yenu aliyewahi kukaa kwenye taarab ya Unguja anavijua vitu hivyo bila kuelezwa, maana udi umekaa pale miaka nenda rudi, na dumbak iko pembeni yake. Dale mwenyewe alisimulia kwamba shabiki mmoja alimtaka apige wimbo mzima kwa uzi mmoja tu wa gitaa. Akakumbuka wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye udi ule wa nyumbani, Misirlou, akauongeza mwendo na kuurekodi mwaka 1962. Wimbo huo ulikuwa ukizunguka kwa Wagiriki, Waturuki na Waarabu kabla yake, na mwimbaji mmoja Mgiriki alikwishauweka kwenye santuri mwaka 1927. Ndio wimbo ambao dunia nzima leo ikiusikia inasema, hii ni sauti ya ufukwe wa California.

Kwa hiyo, anayewaambia vijana hawa kwamba wamebeba kitu cha watu wengine, namwomba kwanza atuambie watu hao ni akina nani. Wamarekani? Walebanoni? Wagiriki? Muziki huu tangu mwanzo ulikuwa umepita mikononi mwa wengi.

Na ule umbali wa bahari, je? Bendi ya The Surfaris ilitoka Glendora, mji ulio chini ya milima, si ufukweni. The Astronauts walitoka Boulder, jimbo la Colorado. Boulder iko juu ya usawa wa bahari kuliko Dodoma yetu, na ukitaka kufika baharini kutoka pale unavuka zaidi ya kilomita elfu moja za nchi kavu. Bado mwaka 1963 walirekodi roki ya mawimbi safi kabisa, na Wajapani wakawapenda. The Trashmen walikuwa wa Minneapolis, kwenye baridi na theluji. Sisi hapa, Dar es Salaam iko kama kilomita 450, na tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024 mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Dodoma na mchana akala samaki Feri. Kama ni umbali, tunawazidi kwa ukaribu watu wa Boulder.

Naongeza moja kutoka kwetu. Wazee wangu mliocheza dansi miaka ya themanini mnaikumbuka Orchestra Maquis na mitindo yake. Mmojawapo uliitwa Ogelea Piga Mbizi. Mtindo ule haukuwa mali ya wavuvi peke yao. Bendi inapotaja maji inakuwa inatafuta mwendo wa mwili, namna ya kuinuka na kushuka, na mwendo huo mtu wa Mpwapwa au Bahi anao sawasawa na mtu wa Kigamboni.

Hilo limetosha. Swali la uimbaji ndilo lililonileta, na hapo nitakaa.

Nimekuja na vitu viwili mezani. Hiki cha kwanza wengi mnakijua tangu utoto: ilimba. Nimeazimwa na mzee wa Chamwino ambaye hapendi kutajwa, na amenisisitizia niirudishe salama. Naomba nyie wa mbele mwisogelee. Mnaona vyuma hivi vilivyofuliwa vikawa bapa, vimepangwa juu ya sanduku la mti. Mpigaji anatumia vidole gumba. Sasa angalieni kwa makini: hivi vyuma vya hapa mpigaji anavipiga, lakini hivi vingine hapigi kabisa. Haviguswi. Viko hapa ili mwenzake akipigwa, navyo vitetemeke vyenyewe. Nikipiga hiki kimoja, na mtu akaweka kidole chake taratibu kwenye kile cha pembeni, atasikia kinacheza chini ya ngozi yake. Jaribu, mama. Umesikia? Hajakigusa mtu.

Na hapa kwenye sanduku pana tundu limezibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito anaofungia mayai yake. Kazi yake ni kuunguruma. Sauti ya chuma ikitoka safi peke yake, Mgogo haridhiki, anataka iwe na mvumo nyuma yake. Waliotengeneza ilimba walikaa wakafikiri jinsi ya kuufanya mlio mmoja usife mapema na usitoke peke yake. Huo ni utaalamu wa sauti, na ulikuwepo hapa kabla ya umeme.

Kitu cha pili ni hiki kisanduku cha bati. Kimetolewa kwenye amplifaya mbovu, na ndicho walichokitumia vijana hawa kurekodi. Ndani mna springi mbili nyembamba, ndefu karibu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kwenye kiganja. Basi, si zaidi. Mlio wa gitaa unaingia upande huu ukiwa umeme. Umeme unatikisa kisumaku, kisumaku kinaizungusha springi kidogo mno, macho hayaoni. Mtikisiko unasafiri ndani ya springi hadi upande wa pili, ambako kisumaku kingine kinaugeuza tena kuwa umeme na kuupeleka kwenye spika. Lakini hautoki wote. Sehemu yake inagonga mwisho wa springi na kurudi ilikotoka, inagonga tena, inarudi tena, kila safari ikififia. Unachosikia kwenye spika ni mlio wenyewe na mikia yake nyuma. Kimeunganishwa na spika ile. Nakitikisa. Mmeisikia radi hiyo? Hakuna gitaa lililoguswa hapo, ni springi zimegongana.

Springi hizi hazikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Kampuni ya Hammond ya Marekani iliziweka kwenye vinanda vyake, ili kinanda cha sebuleni kisikike kama kiko ndani ya kanisa kubwa. Aliyezileta upande wa magitaa ni Leo Fender, na huyu naomba mafundi mlio humu mumsikilize vizuri. Alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka lake la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga, lakini alijua kumsikiliza anayelipiga. Dick Dale alikuwa akimrudishia amplifaya zilizoungua, moja baada ya nyingine, kwa kuwa alitaka sauti ya kuwafikia maelfu ya watu ukumbini na amplifaya za wakati ule hazikuundwa kwa kazi hiyo. Fender hakumfukuza. Aliendelea kuunda na kuunda mpaka ikapatikana ile kubwa iitwayo Showman, yenye spika ya inchi 15. Na mwaka 1961 akatoa kisanduku cha mwangwi cha kuchomeka pembeni.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Dale alisimulia kwamba mwangwi ule aliutaka kwa ajili ya uimbaji. Aliona sauti yake kavu, haivuti. Santuri zake za mwanzo, pamoja na albamu yake ya 1962, gitaa halina mwangwi wa springi kabisa. Kifaa kililetwa kumsaidia mtu anayeimba, kisha wapigaji wakachomeka gitaa humo, na mwenye sauti akabadilika. Ndugu zangu, mkiniuliza nani anaimba kwenye albamu hii, jibu langu ni hilo: gitaa ndilo linaloimba, na halimsubiri mtu.

Nawasihi msilione jambo hili kuwa la kigeni. Sisi tumesikiliza ala tupu vizazi na vizazi. Unguja, taarab ya kale inafunguliwa kwa bashraf. Wapigaji wa fidla, udi, kanuni na nai wanapiga kipande kizima bila neno hata moja, na watu wametulia kwenye viti vyao na nguo zao nzuri. Hakuna anayenyanyuka kuuliza mwimbaji yuko wapi. Njooni kwenye dansi letu. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji anatueleza habari zake za mapenzi au za nyumba ya kupanga, halafu unafika wakati wake anasogea nyuma na magitaa yanashika. Wanamuziki wanapaita chemko. Wazee wangu, semeni ukweli: mlikuwa mnanyanyuka kucheza wakati gani? Wakati wa maneno au wakati wa chemko? Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyetutoka Januari 1979, alikuwa mwimbaji hodari, na maneno yake yanarudiwa mpaka leo. Lakini kuna watu humu ndani ambao ukiwapa gitaa lake la solo peke yake, bila neno lolote, watakutajia wimbo kabla hujamaliza kupumua.

Halafu kuna wa kwetu. Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003, alizichukua ilimba na zeze kutoka hapa akafika nazo kwenye kampuni ya Real World kule Uingereza. Alirekodi hata na mpiga gitaa kutoka Kanada, Michael Brook. Zawose aliimba, tena aliimba kwa sauti ya kukunyanyua kwenye kiti. Lakini wasikilizeni wageni waliokuwa hawajui neno la Kigogo, wala Kiswahili. Kwao sauti yake yote ilikuwa ala. Walikaa wakasikiliza, wakalia, wakanunua santuri. Kama watu wa mbali waliweza kumfuata Zawose bila kuelewa neno, sisi tunashindwaje kuwafuata vijana wetu ambao hawajatunyima neno lolote, kwa kuwa halikuwepo?

Sasa nije kwenye albamu yenyewe. Nimeisikiliza yote zaidi ya mara moja, na nitawaambia ninavyoiona.

Wamerekodi kwenye chumba kimoja Nzuguni, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Ilikuwa msimu ule wa upepo, na nyie mnaujua upepo wa Dodoma. Mwanzo wa kipande cha sita mtasikia kitu kinagonga kwa mbali, mara mbili, kikinyamaza, kikagonga tena. Ni bati la nyumba ya jirani. Wangeweza kurudia, wakaamua libaki, na mpiga dramu akaingia kwa kuufuata mdundo huo huo wa bati. Hilo ni uamuzi wa mwanamuziki. Studio za gharama zinafanya kazi kubwa ya kuuzuia mji usiingie kwenye muziki. Hapa mji umeingia na kushika zamu yake.

Kipande cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kinaanza na gitaa la solo kwenye uzi mmoja, ule mnene, likipanda na kushuka bila kuugusa uzi wa pili. Nilipokisikia mara ya kwanza nilifikiri juu ya Dale na ule uzi wake mmoja, lakini mpigaji akaniambia alikuwa anamfikiria mzee wa zeze aliyekuwa akipita mtaani kwao Chang'ombe. Zeze la Kigogo lina uzi mmoja, au miwili, na mzee anakutolea ulimwengu mzima humo. Kisha dramu inaingia, na hapo nawaomba akina mama wa muheme mliofika mkae tayari. Kijana huyu hakuanzia kwenye vijiti. Alikwenda kukaa na akina mama, wenye ngoma yao, mnajua kwamba muheme ngoma zinapigwa na wanawake, zimebanwa katikati ya mapaja, na kila ngoma ina neno lake. Akawaomba wamwonyeshe mkono mmoja mmoja. Alichokileta kwenye dramu si muheme yenyewe, na hakudai kuwa ni muheme. Ni muheme iliyogawanywa: ngoma kubwa amepewa mguu wa kulia, zile ndogo zimekwenda kwenye tomu, ngoma za juu za dramu, na njuga zimekwenda kwenye hai-hati, vile visahani viwili vinavyogongana. Juu yake gitaa la ridhimu linakata kwa mkato wa California. Nilipomaliza kukisikiliza nilikirudia pale pale.

Naomba niseme kidogo kuhusu binti wa besi. Kwenye roki ya mawimbi wapigaji wengi wa besi wanafuata mguu wa dramu na kuishia hapo. Yeye kipande cha saba anaondoka na gitaa la solo, wanatembea sambamba kwa muda, halafu anamwacha na kushuka chini peke yake. Ukimsikiliza kwenye simu hutamsikia kabisa, spika ya simu haina besi. Msikilizeni hapa leo, kwenye spika kubwa.

Si kila kitu kimenifurahisha sawa. Kipande cha nne na cha tano vimepigwa kwa ustadi, lakini vimekaa karibu mno na santuri za 1963. Ukinifumba macho nitasema ni bendi ya Marekani. Mazoezi mazuri, ndiyo, lakini mazoezi yangebaki chumbani. Na mwangwi, wadogo zangu, mwangwi mmeumwaga mno kwenye kipande cha mwisho. Springi ni kama chumvi: ikizidi, hata nyama nzuri hailiki. Nimekwisha kuwaambia haya ana kwa ana na hawakununa, ndiyo maana nayasema mbele yenu.

Kuna bendi moja nataka muifahamu kabla sijafika kwenye maombi yangu. The Ventures, wa Tacoma, jimbo la Washington. Waanzilishi wawili, Don Wilson na Bob Bogle, walikutana wakiwa vibarua wa ujenzi. Dodoma hii, tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia hapa moja kwa moja, kila mtaa una mjenzi, na sina shaka miongoni mwao wamo wenye gitaa nyumbani. Wale wawili walinunua magitaa ya bei rahisi, yaliyokwishatumika. Waliporekodi, kampuni za santuri zikawakatalia. Aliyewatoa ni mama yake Don, Josie Wilson. Alianzisha lebo yake mwenyewe, Blue Horizon, kwa ajili ya kuitoa kazi ya mwanawe. Mwaka 1960 wimbo wao wa ala tupu ulipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati kuu ya Marekani. Mama zetu mliokaa mbele, najua kuna aliyeuza mbuzi ili besi inunuliwe. Sitamtaja. Namshukuru mbele ya watu.

Maombi yangu sasa.

Kwenu watangazaji. Muziki wa ala tupu mnaupiga kila siku, hilo nawapa. Mnaupiga chini ya tangazo la msiba, chini ya bei za mazao, chini ya sauti yenu wakati mnatuambia saa. Mpigaji amekesha, ninyi mnaongea juu yake, kisha wimbo unakatwa bila jina lake kutajwa. Naombeni mambo mawili kwa albamu hii. Chezeni kipande hadi mwisho, ni dakika tatu, hakuna kinachozidi dakika nne. Na kikiisha, tajeni waliopiga. Msipotaja, msikilizaji wa Kongwa aliyekipenda atawatafuta kwa jina gani?

Na mkikitaka kwa ajili ya tangazo la biashara, ombeni ruhusa na mlipe. Kuna watu wanadhani wimbo usio na maneno hauna mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya muziki iwe na maneno au isiwe nayo. Vijana wamesajili kila kipande COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, na karatasi ninazo hapa kwa anayetaka kuziona. Wanamuziki wenzangu ambao bado mnatembea na nyimbo kwenye flashi bila kuzisajili, hilo ni la kwenu pia. Melodia ya gitaa ni mali kama mashairi.

Kwenu wenye kumbi na wenye harusi. Bendi hii haiwezi kumtaja bibi harusi kwenye wimbo, kwa hiyo msiwaombe. Lakini wakati wageni wanakula, wakati mshereheshaji amepumzika, saa nzima ya magitaa bila kelele za maneno ni kitu ambacho watu wa Dodoma hawajakionja. Waiteni. Walipeni kama mnavyomlipa mwimbaji. Mpiga gitaa ana nauli, ana nyuzi za kununua, na nyuzi nene za muziki huu hazipatikani kila duka.

Kwenu wazazi wengine ambao watoto wenu wanang'ang'ania gitaa. Sisemi waache shule. Mpiga dramu wetu huyu anasoma hapo Chuo Kikuu cha Dodoma na mitihani anafaulu, mama yake yupo ataniunga mkono. Nasema msikilizeni mtoto anapopiga, hata kama haimbi. Kaa naye dakika kumi. Mwulize hapo umepita wapi, hapo umerudi vipi. Atakueleza.

Na kwenu ninyi wanne. Wadogo zangu, albamu ya pili msiitafute California. Mmekwishaonyesha kwamba mkono wa kule mnaujua. Hapa Chamwino kila mwaka kuna tamasha la muziki wa Kigogo, nendeni mkakae siku zote, msirekodi na simu, sikilizeni tu. Sauti za Kigogo zina vipimo vyake, hazikai sawa na vituo vya gitaa la dukani, na hilo litawasumbua. Acheni liwasumbue. Jaribuni kulegeza nyuzi, jaribuni kuvuta uzi kwa kidole mpaka ukae pale ilimba inapokaa. Fundi wenu wa amplifaya anajua kutega springi. Mwombeni aje na utando wa buibui.

Utaratibu wa sasa ni huu. Tutasikiliza vipande vya kwanza hadi cha tano kutoka kwenye albamu, kisha vijana watapanda jukwaani wapige vilivyobaki wenyewe, pamoja na akina mama watatu wa muheme ambao watakaa upande wa kushoto wa dramu. Naomba simu zizimwe mlio. Anayetaka kucheza asimame, nafasi ipo hapa mbele, viti tumevisogeza makusudi. CD na flashi ziko mezani kwa dada pale mlangoni, na bei imeandikwa. Fundi mitambo, pandisha sauti kidogo kuliko ulivyozoea, hasa upande wa besi, halafu anza na kipande cha kwanza.